Kulwa na Doto Katika Sanduku Moja

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya ukatekista mtafundishwa imani vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi. Mna vitabu, mna semina, na mkikwama mnampigia padre simu. Lakini watu wa kigangoni hawatawauliza maswali kwa kufuata mpangilio wa kitabu. Watawauliza wakiwa wamebeba mtoto anayechemka homa, au wametoka kuzika, na wengine watawazungusha kwa maneno mengi kabla hamjajua wanauliza nini.

Mimi nimefanya kazi hii upande wa Usoke na vijiji vyake mpaka magoti yalipokataa baiskeli. Sasa nakaa karibu na Kipalapala, nalima bustani, na mara mojamoja naitwa kuzungumza na vijana kama nyinyi. Najua huwa mnatazamia nichekeshe. Waliowatangulia wamewaambia habari ya mama aliyewanyunyizia kuku wake maji ya baraka walipopata kideri, na ya mzee aliyetundika rozari kwenye bani la kukaushia tumbaku ili lisiungue. Zote ni kweli. Yule mzee nilimweleza kwamba rozari ni sala, si hirizi, na haifanyi kitu ikining'inia peke yake. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Sasa Mwalimu, niitoe?" Nikamwambia aiache, ila kila anapoingia kuchochea moto aishike, asali angalau fungu moja. Wenzenu huishia hapo wakacheka. Hawajawaambia kwamba bani lile liliungua mwaka uliofuata, na tumbaku yote ya msimu ikaenda nalo. Mzee alikuja kwangu, hakunilaumu. Alisema tu kwamba siku hiyo alikuwa amesali mafungu yote. Tukakaa, yeye na mimi, mpaka chai ikapoa.

Kukaa nilifundishwa na katekista aliyenilea kazini, Mwalimu Anselmi, mtu wa Nzega, mrefu, mwenye maneno machache. Nilimfuata kijiji kwa kijiji. Mtu akimuuliza jambo zito, yeye kwanza alitafuta pa kukaa, iwe kigoda au jiwe. Nilidhani ni uchovu. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba ukimjibu mtu umesimama, anaona unataka kuondoka.

Habari ninayotaka kuwapa leo haichekeshi. Ni ya Agripina.

Agripina nilimfundisha tangu alipojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Alitaka kujua kwa nini Ijumaa Kuu tunabusu msalaba wakati msalaba ndio uliomuua Yesu. Nilimwambia hatubusu mti, tunambusu yule aliyekubali kuubeba. Aliwaza, kisha akasema angependa zaidi kama asingeubeba. Ndivyo alivyokuwa.

Alipochumbiwa na Masanja, mkulima wa tumbaku wa hapo hapo Usoke, walikuja wote wawili kwenye mafundisho ya ndoa. Katika mafundisho hayo nilikuwa na somo moja ambalo sikuliacha kamwe, nanyi msiliache: namna ya kubatiza katika hatari ya kufa. Waumini wengi wanadhani hiyo ni kazi ya padre peke yake. Mtoto akiwa anakata roho na padre yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza: mama, mkunga, jirani, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Unachukua maji ya kawaida, unamwagia kichwani yatiririke, huku unasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Anayemwaga maji ndiye huyo huyo anayesema maneno. Basi. Mtoto akipona, analetwa kanisani kukamilisha yaliyobaki, lakini ubatizo haurudiwi.

Niliwafanyisha wachumba mazoezi kwa kibuyu. Walicheka sana kukimwagia kibuyu maji. Masanja alicheka mpaka akajilowesha viatu. Agripina hakucheka. Aliniuliza, "Na kama ameshakufa?" Nikamwambia aliyekufa habatizwi, kwa sababu sakramenti ni za walio hai, huyo tunamkabidhi kwa Mungu. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Walikaa muda mrefu bila mtoto. Mama yake Masanja, Bibi Tekla, ndiye aliyekuwa akiongoza rozari katika jumuiya yao. Alikuwa mwembamba, mnyoofu wa mgongo, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kanisani. Alisali novena juu ya novena kwa ajili ya mkwewe. Nilikuwa nikiwaeleza watu kwamba siku tisa za novena si za kumchosha Mungu mpaka akubali. Ni kuwafuata mitume, walivyokaa na Bikira Maria wakimngoja Roho Mtakatifu. Tunajifunza kungoja. Bibi Tekla alilielewa hilo kuliko wengi. Alijua kungoja.

Hatimaye Agripina akashika mimba, na zahanati wakasema ni mapacha. Huku kwetu mapacha huja na majina yao tayari. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Bibi Tekla akaanza kushona nguo za watoto kwa mkono, mbili mbili, na jioni ukipita kwao ulimsikia akiimba.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Mtendeni, mjini Tabora. Mababu zake walifika na misafara iliyokuwa ikienda Ujiji, wakaachwa na misafara yao au wakaiacha wao, sijui, wakabaki Tabora wakiuza nguo na kushona kofia. Ni Waislamu kwa vizazi. Usokeni watu walimwita Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote, na mgeni mmoja kutoka Dar aliwahi kumuuliza kwa unyenyekevu ni wa shirika gani la watawa. Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka akafuta macho.

Uchungu ulimshika Agripina kabla ya wakati, katikati ya mvua. Mto ulikuwa umefunika barabara na gari la wagonjwa halikuweza kuvuka. Mwanaidi alikuwa peke yake na mgonjwa, Masanja akingoja nje barazani. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na Mwanaidi, na baadaye sana na Agripina mwenyewe, na maneno yao yalilingana.

Kulwa alitoka mchana, mdogo mno, akipumua kama mtu anayepanda mlima. Agripina alimtazama Mwanaidi usoni akaelewa. Akamwomba ambatize mtoto. Mwanaidi akasema hajui namna. Basi Agripina, na uchungu wa mtoto wa pili umeshaanza, akamwelekeza neno kwa neno: chukua maji, mmwagie kichwani, sema hivi. Jina ni Yosefu. Mwanaidi akachota maji kwa kikombe, akamwaga, akasema.

Kisha akaja Doto, naye hakulia. Agripina akasema, "Na huyu." Mwanaidi alikuwa ameshamweka mezani, anamsugua mgongo, anampulizia pumzi. Agripina akarudia, mara hii kwa kuomboleza, "Sista, na huyu." Mwanaidi hakuacha kumpulizia. Aliniambia kwamba kila mara alifikiri pumzi inayofuata ndiyo itakayomwamsha. Haikumwamsha. Kulwa akaishi mpaka alasiri, kifuani mwa mama yake, akanyamaza.

Niliitwa. Nilipofika zahanati, kwenye baraza walikuwepo Masanja, Bibi Tekla, na mwenyekiti wetu wa kigango, Mzee Mihayo. Agripina alikuwa ndani, mlango wazi, uso ameugeuzia ukutani. Mzee Mihayo, mtu mwema aliyejenga nusu ya kanisa letu kwa mikono yake, alinivuta pembeni akaniambia kuna mambo mawili yanamsumbua. La kwanza, itakuwaje Mwislamu abatize? La pili, hata tukikubali hilo, mtoto mmoja amebatizwa na mwingine hajabatizwa. Hatuwezi kuwazika namna moja.

Hapa kuna jambo la kazi, mlishike. Mkisikia mtoto amebatizwa kwa dharura, msibishane na watu kwa nadharia. Mtafuteni aliyebatiza, mumuulize kwa upole: ulitumia nini, maji yalitiririka wapi, ulisema nini, ulikusudia nini? Nikamwendea Mwanaidi. Alikuwa ananawa mikono, ingawa nadhani ilikuwa safi tangu zamani. Nikamwomba tukae. Tukakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikamuuliza hayo, akajibu yote sawasawa. Nilipofika kwenye kusudio alinigeukia.

"Mwalimu, mimi nina dini yangu, na sikuiacha pale," alisema. "Mkono ulikuwa wangu, lakini nilikusudia kile alichokitaka mama yake, kile mnachofanya nyinyi. Sikuwa namchezea mtoto."

Nilimwambia basi mtoto amebatizwa, kwa hakika kama angebatizwa na Askofu. Nikamgeukia Mzee Mihayo na kumweleza kwamba katika ubatizo mwenye kazi ni Kristo. Mikono ya mtu inaazimwa tu. Mihayo alifikiri, akakubali. Alimpa Mwanaidi pole na asante kwa pamoja.

Ndipo Bibi Tekla aliposogea. Alimsalimia Mwanaidi vizuri, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Mwanangu, ulikuwa na kazi nyingi. Labda hukuona. Sema tu yule wa pili alipumua kidogo, na wewe ulimwagia maji."

Nawaambia kweli, hata mimi nilitamani aseme. Neno moja, na jambo lote lingekwisha: watoto wawili, ubatizo mara mbili, kaburi moja, na yule mama kule ndani angelala. Masanja aliinua macho akamwangalia Mwanaidi kama mtu anayeomba maji.

"Bibi, hakupumua," Mwanaidi alisema. "Nilitaka apumue zaidi ya unavyotaka wewe niseme. Nilimpulizia mpaka kichwa kikanizunguka. Mama yake alikuwa macho, alikuwa anaona. Nikisema uongo leo, kesho atanitazama na atajua."

Bibi Tekla akauachia mkono wake. Uso ukabadilika. Akasema basi, kama ni hivyo, Kulwa azikwe kwenye makaburi ya Kanisa kwa sala, na Doto azikwe pembezoni mwa shamba kama walivyofanya wazee, bila sala, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Watoto wasiobatizwa wana mahali pao, hawaumii lakini hawamwoni Mungu. Alisema hivyo kama mtu anayesoma hukumu. Nilishangaa. Huyu ndiye aliyekuwa akishona nguo mbili mbili.

Mzee Mihayo alimwunga mkono, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Alisema tukiwazika sawasawa, watu wataona ubatizo si kitu, watachelewesha watoto mpaka wafe mikononi mwao. Hofu hiyo mtaikuta. Msiidharau.

Niliingia kwa Agripina kwanza. Aligeuka kutoka ukutani. Macho yalikuwa makavu.

"Mwalimu, Doto yuko wapi?"

Nikatafuta kigoda nikakaa. Nilimwambia kwamba kwa Kulwa tuna hakika, kwa sababu Kristo ameahidi. Kwa Doto hatukupewa ahadi ya namna ile, lakini tumepewa tumaini. Sisi ndio tulioamriwa kutumia maji. Mungu hafungwi na maji. Yesu aliwakasirikia waliowazuia watoto wasimfikie, na mama wa huyu mtoto aliomba abatizwe, tena si mara moja. Kanisa linamweka mikononi mwa huruma ya Mungu, na halimweki hapo kama mtu anayetupa kitu asichojua pa kukiweka.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mmoja nina hakika naye," alisema, "na mwingine natumaini."

"Ndiyo, mama."

"Nimewazaa siku moja, Mwalimu."

Sikuongeza kitu. Mtashawishika kuongeza. Katika mafundisho ya siku za kawaida mnaweza kusema mengi, lakini mbele ya mama kama huyo kila neno la ziada ni la kumfariji anayesema. Nilibaki nimekaa. Baadaye akaomba wazikwe pamoja, wasitenganishwe, na akanigeuzia mgongo tena.

Nilitoka, nikaenda mpaka kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, ambako mtandao unashika, nikampigia padre wa parokia. Hakuweza kuvuka mto. Nilimweleza yote, na yale ya Bibi Tekla na ya Mzee Mihayo. Alinijibu polepole kwamba wazazi walikusudia kumbatiza mtoto, na kwa hali kama hiyo Askofu ameshatoa ruhusa: aombewe na azikwe miongoni mwa waamini. Wazike pamoja. Bariki kaburi, omba kwa ajili ya wazazi. Akaongeza kwamba nisiwaambie watu najua jambo ambalo Kanisa lenyewe limemwachia Mungu, ila nisiwanyime tumaini ambalo Kanisa limewapa. Kisha mtandao ukakatika.

Nikamrudishia Mzee Mihayo maneno ya padre. Akaniuliza, je, maji ya baraka? Alijua vizuri kwamba tunalinyunyizia jeneza maji ili kukumbuka ubatizo wa marehemu, na kwa asiyebatizwa hatufanyi hivyo. Nikamjibu kwamba Kulwa amebatizwa, atanyunyiziwa. Akauliza, na Doto? Nikamwambia Masanja ametengeneza sanduku moja.

Tukazika asubuhi, mvua ikinyesha nyepesi. Watu wengi hawajui kwamba mtoto mchanga aliyebatizwa hatumwombei msamaha, kwa kuwa hana alichokosa. Sala zote tunawaombea waliobaki. Nilieleza hivyo pale kaburini kwa maneno machache, nikawaombea wazazi, nikataja majina yote mawili, Yosefu Kulwa na Doto. Nilipochovya tawi na kunyunyiza, maji yaliangukia sanduku lote na yakateremka pande zote. Mzee Mihayo alitazama, akavua kofia. Mwanaidi alisimama nyuma ya wanawake, amefunika kichwa kwa mtandio, viganja wazi. Bibi Tekla hakuja.

Baada ya hapo Agripina aliacha kuja kanisani. Nilimtembelea, akanipa chai na kuniuliza habari za magoti yangu. Juu ya watoto hakusema lolote. Yeye na mama mkwe wake hawakuwa wakisemeshana. Walipika kwenye moto mmoja, wakapeana chumvi, wakapishana mlangoni bila neno. Masanja alikonda. Nilijaribu mara kadhaa kuzungumza na Bibi Tekla, nikamwuliza kwa nini alikuwa mkali vile kwa mjukuu. Alinijibu "Ndivyo tulivyofundishwa," akaendelea kuchambua maharage. Aliendelea kuongoza rozari kwenye jumuiya, lakini watu waliniambia sasa anasali haraka.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kukatika, alinikuta kanisani nikifagia. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akajibu, "Marahaba," akasimama pale mlangoni. Nikaweka ufagio, nikakaa kwenye benchi. Naye akakaa, mbali kidogo.

Aliniuliza kama yale niliyosema kaburini ni ya Doto peke yake, kwa sababu padre alitoa ruhusa, au ni ya watoto wote. Nikamwambia ni ya wote. Akauliza, "Hata wa zamani?" Nikasema hata wa zamani, huruma ya Mungu haikuanza juzi. Kisha akaniambia kwamba kabla ya Masanja alizaa mtoto mwingine. Msichana. Alizaliwa shambani, akaishi muda mfupi tu, na pale hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Wazee wakamzika hapo hapo. Mumewe alikatazwa kuweka hata kijiti cha alama. Naye akaambiwa na wakubwa zake asilie hadharani, asimpe jina, asimtaje kwenye sala, kwa kuwa mtoto yule hana sehemu katika sala.

"Nilitii," alisema. "Nimetii mpaka leo. Sasa wewe unakuja unaniambia Doto anaombewa. Kama Doto anaombewa, mimi wangu nilimwacha bure miaka yote hii."

Ndipo nikaelewa ule ukali wa barazani. Haukuwa ukali juu ya Doto. Nilimwambia kwamba hakumwacha. Alimbeba bila kuruhusiwa kumtaja, na Mungu hahitaji tumtajie jina ndipo ajue mtu ni nani. Sijui kama lilimsaidia. Alisema anataka kwenda kumwombea alipo. Akanitaka niende naye.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Shamba lile liko bondeni, udongo mweusi, bora kuliko mashamba yote ya jirani. Masanja alikuwa humo na jembe, anapalilia, na Agripina alikuwa amemletea uji. Bibi Tekla hakuwasemesha. Alipita kati ya matuta ya tumbaku akasimama, akaangalia mlima, akaangalia mto, akasogea. Akasimama tena. Alitafuta hivyo kwa muda, akigusa ardhi kwa ncha ya fimbo. Zamani palikuwa na mti, alisema, na mti ulikatwa kwa ajili ya kuni za bani. Labda ni hapa. Akaenda pengine. Labda ni hapa.

Masanja akaja, akauliza mama anatafuta nini. Bibi Tekla akaegemea fimbo. Aliniangalia mimi. Nikamwuliza kama niseme, akaitikia. Nikamwambia Masanja kwamba alikuwa na dada yake, na yumo humu shambani, mama haoni tena ni wapi.

Masanja alikuwa ameanza kulima shamba lile tangu ujana. Alitazama matuta, kushoto na kulia, yote aliyoyainua kwa mikono yake mwaka baada ya mwaka. Kisha akalilaza jembe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, akatoka kwenye tuta akasimama njiani.

Agripina ndiye aliyesogea. Alimfikia mama mkwe wake, akamshika mkono ule wenye fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi nisikie akimsemesha. "Mama," alisema, "aliitwa nani?"

Bibi Tekla akasema hakuitwa. Agripina akamwambia ampe jina sasa. Mama mkwe akafungua mdomo, na nilidhani litatoka, nikajiandaa kulitaja katika sala. Halikutoka. Alisema hawezi, kila jina analolifikiria ameshampa mtoto wa mtu mwingine, amesimamia ubatizo wa watoto wengi mno. Akakaa chini katikati ya tumbaku, na Agripina akakaa karibu naye. Tulisali hivyo, bila jina. Nilisema, "Huyu binti wa Tekla." Sikupata maneno mengine. Jua lilipokuwa kali tukawainua tukarudi.

Bibi Tekla aliaga dunia kabla ya mvua nyingine. Padre aliwahi kufika, akampaka mafuta ya wagonjwa, na mimi nilikuwepo. Alijibu sala zote sawasawa, mnyoofu hata kitandani. Jina hakulitaja.

Agripina hakupata mtoto mwingine. Kanisani anakuja mara moja kwa mwaka, siku ya kuwaombea marehemu wote. Anakaa nyuma, anaondoka kabla ya baraka ya mwisho. Katekista wa sasa aliniuliza kama amfuate amrudishe. Nilimwambia amwachie nafasi kwenye benchi, na akimwona asimwulize alikuwa wapi.

Masanja bado analima tumbaku. Ila kile kipande cha bondeni, chote kuanzia njiani mpaka mtoni, hajakitia jembe tangu siku ile. Kwa kuwa hakuna aliyejua mahali penyewe, amekiacha chote. Kimeota majani marefu na vichaka, katikati ya mashamba yaliyopaliliwa vizuri pande zote. Wapita njia husema mwenye shamba ni mvivu, au ameshindwa na bei ya mbolea, na Masanja akiwasikia huwasalimia tu.